Kumi na Wawili kwa Siku

Alhamisi asubuhi Bwana Sabir, meneja wa yadi ya makontena Shimanzi, alimwita karani wake Beryl ofisini, akafunga mlango.

"Mizigo waiona mwenyewe. Ikishuka melini yapandishwa treni, yaenda zake bara bila kupita hapa yadini. Vibarua ishirini na wanne siwawezi tena. Nataka wabaki kumi na wawili. Niletee majina kesho kabla ya sala ya Ijumaa. Na iwe siri."

Beryl alirudi mezani pake. Aliandika jina moja, akalikata. Akasimama, akaketi, akasimama tena. Dirishani alimwona Kenga, kibarua mzee, akiburuta mnyororo, goti lake bovu likimtoa jasho. Huyo ndiye aliyemfundisha kazi ya yadi miaka sita iliyopita, Beryl alipofika kutoka Siaya hajui lolote. Kwa hesabu ya nguvu, jina la Kenga ndilo lingekuwa la kwanza kuondoka.

Jioni hakwenda nyumbani kwake Tudor. Alipanda tuktuk hadi Feri, akamwahi Kenga kabla hajavuka kwenda Likoni. Akamweleza yote.

Kenga akauliza, "Waniambia mimi ili nikuombe uniache?"

"La, mzee. Nimeshindwa kuchagua."

"Basi usichague, binti yangu. Tuambie sote."

Usiku ule Beryl hakupata usingizi. Asubuhi, kabla lango halijafunguliwa, aliwaambia vibarua wote. Kelele zikapanda. Mmoja akataka wazee watolewe, mwingine akamvaa Kenga kwa maneno. Walibishana mpaka wakachoka, kisha wakakubaliana kwa shingo upande: wafanye zamu, kila mtu wiki moja kazini, wiki moja nyumbani.

Beryl alipeleka karatasi yenye majina ishirini na manne.

"Nilitaka kumi na wawili," Bwana Sabir alisema.

"Kila siku watakuwa kumi na wawili, bwana. Mshahara utakaolipa ni ule ule."

Bwana Sabir aliisoma mara mbili, akatia sahihi. "Zamu nimekubali. Lakini karani asiyeweka siri ya ofisi, simtaki. Mwisho wa mwezi uondoke."

Beryl alitoka ofisini. Baadhi ya vibarua walimshukuru. Wengine, walipopokea nusu ya ujira wao, waliacha kumsalimu.

Mwezi uliofuata alizunguka ofisi moja baada ya nyingine na bahasha ya vyeti mkononi. Akiketi dakika tano nyumbani alihisi kuta zinamkaba. Jumatatu moja Kenga akampigia simu.

"Wiki hii niko nyumbani. Nasikia bohari moja la majani chai latafuta watu. Twende?"

Walipofika, walikuta watu wapatao mia mbili wamebanana langoni. Kenga alimtazama Beryl.

"Turudi?"

"Turudi wapi?" Beryl alisema, akajipenyeza katikati yao.