Alama Ndani ya Sufuria
...na kikombe bado kiko mkononi mwa Mama, ananisogezea, 'Kunywa, Biira, nimeichemusha mpaka ku alama yako,' alama yangu, ndiyo, niliikwaruza mwenyewe kwa msumari ndani ya sufuria mwaka ule wa kipindupindu, nina miaka kumi na miwili, mwalimu alisema chemsheni maji tu, mimi kwa ujuaji wangu nikaongeza, hadi yapungue nusu, naye akaniamini kuliko katekista, na kipindupindu hakikuingia kwetu, nikavimba kichwa... kisha lori la mafuta likaungua njia ya Mpondwe, wakalizima kwa povu, povu likateremka hadi kisimani kwetu, mdogo wangu Ithungu akajipaka ndevu nyeupe, tukacheka, Mungu wangu, tulicheka... leo najua mle povuni mlikuwa na nini, ndiyo kazi yangu Kampala, nabuni molekuli zenye umbo la kikapu, za kunasa ile sumu ya florini isiyooza, kwenye kompyuta kikapu kinanasa, kwenye chupa ya maabara kinanasa, kwenye maji ya kisima hiki kinajaa chumvi tu na sumu inapita zake, na moto wa Mama hauiui, unafukuza maji, sumu inabaki chini, maji yakipungua nusu sumu ni maradufu, hesabu ya mtoto wa darasa la nne... 'Ao umechoka na safari?' hapana Mama... Ithungu alivimba miguu, figo zikafeli, tukamzika, daktari wa Kasese hakujua sababu, nami siwezi kuapa kuwa ni maji, hakuna aliyempima, lakini kila nikizima kompyuta namsikia akinywa, anamaliza kikombe, anaomba kingine, na Mama anampa kwa furaha, si dada msomi ndiye aliyesema... nikimwambia, atajiona yeye ndiye aliyemnywesha... 'Shallon alishakunywa kikombe mbili, mutoto atatoka na nguvu,' Shallon, mke wa kaka yangu, mimba ya miezi saba, vikombe viwili... na mimi miezi minne nina majibu ya vipimo vya maji ya kisima hiki kwenye mkoba, nasubiri kikapu kikamilike nije na habari mbaya na dawa yake pamoja, nikauita utafiti, kumbe ni uoga mtupu, kikapu hakijawa tayari na mtoto hasubiri... kikombe kiko palepale kati yetu, nafungua mdomo, anadhani nataka kunywa, Mama, ile alama, nilikosea.