Kadi Nyekundu za Chumba cha Panya

Msinione nimenyamaza mkadhani sina la kusema. Ninalo, tena linanikaba.

Mimi na mdogo wangu tulifanya kazi kwenye maabara ya macho. Mimi nilikuwa naosha vizimba na kulisha panya. Yeye alikuwa fundi wa vipimo, na kwa sababu ya miwani yake nyeusi kila mtu alimwita Miwani. Profesa wetu alikuwa na panya waliozaliwa na kasoro: ndani ya koni zao, zile chembe za jicho zinazotambua rangi, hamkuwa na kitu cha kunasa mwanga wa kijani. Nusu yao akawadunga dawa ya kukitengeneza. Vizimba vya waliodungwa viliwekwa kadi nyekundu, vya wengine kadi za kijani.

Na wale wa kadi nyekundu wakaanza kuona, jamani! Ukiwasha vidirisha vitatu kwa mwanga wa nguvu sawa, kimoja tu kikiwa cha kijani, wanakiendea mbio kulamba maji ya sukari.

Miwani alifurahi mpaka akanikumbatia na ndoo yangu. Maana koni zake mwenyewe zilikuwa zinakufa. Rangi zilimtoka moja moja, jua likawa linamchoma, na aliyejua ni mimi tu.

"Dada, wakimaliza panya wanakuja kwa watu," aliniambia. "Mimi najiandikisha wa kwanza."

"Basi mwambie Profesa ukweli."

"Anitoe kazini? Fundi wa rangi asiyeona rangi! Acha mzaha."

Chumba cha panya kilikuwa na taa nyekundu, kwa kuwa panya hawaoni nyekundu. Kwao ni giza tu. Humo Miwani alijitegemea. Chini ya taa ile kadi nyekundu huonekana nyeupe na ya kijani huonekana nyeusi, kwa mtu yeyote yule. Nje ya chumba nilisimama nyuma yake nikimnong'oneza rangi.

Asubuhi moja tuligombana tena. Nikamwambia nimechoka kuwa macho yake. Naam, nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu. Akafuta miwani, akaivaa tena.

Profesa alikuwa ameagiza wale wa kadi za kijani wauawe, macho yao yachunguzwe, na waliodungwa waendelee kupimwa. Kabla hatujaanza, taa nyekundu ikaungua. Nikavipeleka vizimba vyote ukumbini, penye mwanga wa dirisha, nikavipanga, kisha nikaenda zangu kuosha chupa, nimenuna. Nilijua hatari yake. Nikasema moyoni, akinihitaji ataniita.

Hakuniita.

Niliporudi alikuwa kando ya sanduku la gesi la kuulia panya. "Nimemaliza," akasema. "Wale wa kadi nyeusi wote."

Nikatazama vizimba vilivyobaki na panya. Kijani. Kijani. Kijani. Kumbe kwa jicho lililokosa koni, kwenye mwanga wa mchana nyekundu ndiyo inayogeuka nyeusi. Hilo hatukuwahi kuambiwa, na sisi hatukuwahi kumuuliza mtu.

"Nisomee kadi, dada."

"Zilizobaki zote ni za kijani," nikamwambia. Akaelewa. Akapapasa kwenye trei ya panya waliokufa, akamwinua mmoja mwenye sikio lenye matundu mawili ya alama. Alimjua kwa kidole.

"Huyu alikuwa haikosei taa," akasema. "Miezi hii yote mimi sikuwa naitambua ile taa ya kijani. Nilikuwa namtazama yeye anakimbilia wapi."

Nililia, sina aibu kusema. Viatu vya Profesa vikasikika kwenye ngazi. Nikamshika mkono. "Kaa nyuma yangu. Nitasema ni mimi niliyekosea kadi."

Akautoa mkono wake taratibu.

"Hapana, dada. Umeshachoka."

Akamrudisha panya kwenye trei, akavua miwani, akaenda kumfungulia Profesa mlango.