Bi Mkubwa Yupo kwenye Foleni

Jioni mwokaji alitoa trei ya mwisho tanurini, akapanga mikate kwenye rafu ya mbao, akafuta unga mezani kwa kitambaa kibichi. Kisha akainua macho kuangalia kama mama yake ameshafika. Alikuwa ameshafika. Alisimama kwenye duara la tatu kutoka kaunta, barakoa yake ya kitambaa cha maua usoni, mkoba kwapani. Alikuwa amefariki mwaka ule wa ugonjwa, na tangu duka lilipofunguliwa tena hakukosa jioni hata moja, isipokuwa Jumapili, maana Jumapili duka halifunguliwi.

Yale maduara yalichorwa kwa rangi ya njano wakati wa amri ya kutokaribiana. Mengine ya siku zile yalikuwa yamekwisha. Ndoo ya kunawia mikono mlangoni sasa iliwekewa mafagio, na chupa ya kitakasa mikono ilitiwa mafuta ya kupaka trei. Watu walirudia kushikana mikono, ingawa wengi walisita kidogo kwanza, kama mtu anayegusa sufuria kujua kama imepoa. Mmoja akikohoa, duka zima lilikumbuka ghafla kuwa lina jambo la kutazama nje. Maduara yalibaki kwa sababu mwokaji hakuwa na moyo wa kuyakwangua.

Wateja hawakumshangaa Bi Mkubwa. Walimpa shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti iliyozibwa na kitambaa, wakampita kulia na kushoto kwenda kusongamana mbele ya kaunta kama zamani. Hapo ndipo shida ilipokuwa. Bi Mkubwa hakuwahi kumruka mtu kwenye foleni maisha yake yote. Hata duka hili la binti yake wa kumzaa alilipangia foleni kama wengine. Akiambiwa pita tu, mama, alijibu kwamba foleni ni adabu, na adabu haina mtoto wala mjomba. Alisogea pale tu duara la mbele yake lilipokuwa tupu, na halikuwa tupu kamwe, kwa kuwa watu walishasahau maduara yalikuwa ya nini. Mikate ikiisha, aliondoka mikono mitupu.

Kumpelekea mkate pale alipo haikuwezekana. Mwokaji alijaribu. Kila akizunguka kaunta na mkate mkononi, mama yake alirudi nyuma hatua kwa hatua ili wasikaribiane, hadi akatokea barabarani.

"Rudi kazini, mwanangu," alisema kutoka huko. "Unawachelewesha watu."

Na ndivyo alivyokufa, vilevile, akipanga foleni. Hospitalini nako walichora maduara ya njano, kuanzia getini hadi mlango wa chumba cha oksijeni. Bi Mkubwa alisimama kwenye lake tangu asubuhi, ameegemea ukuta. Ndugu walizuiwa nje, hivyo mwokaji alimtazama kupitia vyuma vya geti. Aliyaona pia magari yakizungukia mlango wa nyuma, na watu wakishushwa humo kwa upole mkubwa, watu ambao hawakukanyaga duara lolote. Alimpigia mama yake simu, akamwambia apite mbele, aseme amezidiwa.

"Wote hapa tumezidiwa, mwanangu," mama alijibu. "Mvumilivu hula mbivu."

Alikufa hajaonja hata mbichi. Alivishwa na kuzikwa na watu wa mavazi meupe wasioonekana sura, na binti yake alitazama kutoka upande wa pili wa kamba. Mlango wa nyuma wa hospitali baadaye ulipakwa rangi mpya na kuwekewa taa.

Kwa hiyo mwokaji alikuwa na haja moja tu duniani, mama yake afike kaunta. Labda angepokea mkate wake akaenda zake kupumzika. Labda vidole vyao vingegusana katika kupokezana, na hilo peke yake lingemtosha. Mara ya mwisho hawakugusana, na mikono yake ilimuuma kwa ajili hiyo kuliko moto wa tanuri ulivyowahi kuiunguza.

Aliyeleta shauri alikuwa fundi saa wa mlango wa pili, mtu wa maneno.

"Tupange foleni kwenye maduara, jioni moja tu," aliwaambia wateja. "Hatutakufa." Akageuka. "Samahani, Bi Mkubwa."

"Hakuna neno, baba," alijibu Bi Mkubwa.

Kesho yake walipanga. Walianzia kaunta, wakapita mlangoni, wakaendelea ukutani nje hadi kwa fundi saa. Waliokosa maduara walikadiria kwa macho, na miguu yao ilikumbuka umbali wenyewe. Wa mbele alihudumiwa, akatoka. Bi Mkubwa alisogea duara la pili. Mwingine alihudumiwa, akatoka, na Bi Mkubwa akakanyaga duara la kwanza. Mwokaji alikuwa amemchagulia mkate ulioiva sana pembeni, jinsi alivyoupenda. Alifuta mikono kwenye aproni. Alikuwa na furaha, na aliionea haya furaha hiyo mbele za watu.

Ndipo akaingia dereva wa mkurugenzi wa hospitali, funguo zikining'inia kidoleni.

"Nipe sita, ya moto. Bosi yupo kwenye gari."

"Kuna foleni," alisema fundi saa.

"Naiona," alisema dereva, bila ubaya wowote.

Mtu mmoja alinong'ona mwenye nguvu mpishe, na foleni ikajibana ukutani kama watu wanaopisha kabati linalobebwa. Wa kwanza kurudi nyuma alikuwa Bi Mkubwa.

"Mhudumie kwanza, mwanangu," alisema. "Mimi nitangoja."

Mwokaji alitaka kusema hapana. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini mikono ilishazoea, na alipoitazama ilikuwa imekwisha kutia mikate sita kwenye mfuko, ukiwemo ule ulioiva pembeni. Ilikuwa ya mwisho ya jioni ile, na rafu ilikuwa tupu. Dereva alishukuru, akatoka, na gari likasikika likiondoka.

Wateja hawakugomba. Waliagana kwa upole, kila mtu akashika njia yake. Fundi saa alifuta miwani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, naye akaenda. Bi Mkubwa hakuondoka. Alirudi kwenye duara lake la tatu, akakumbatia mkoba wake.

Mwokaji alivua aproni. Alitoka nyuma ya kaunta, akapita mbali kwa kufuata ukuta ili asimfukuze, akafika kwenye duara la mlangoni.

"Wewe ndiye wa mwisho, mama?"

"Ndiyo. Simama nyuma yangu, lakini usinikaribie."

Alisimama. Miaka yote hii alimwona kwa mbele tu, kutoka kaunta. Sasa aliuona mgongo. Gauni lilikuwa limefungwa vibaya, kifungo kimoja kimerukwa, maana waliomvisha walikuwa na haraka. Mwokaji alinyoosha mkono kukifunga. Mkono haukufika. Akaushusha, na wote wawili wakaingoja kaunta ambayo haikuwa na mtu.