Matundu ya Wimbo wa Kutwanga

“Kutoka hapa Rumonge mpaka Kabonga, hakuna mwanamke anayenishinda kushika mapigo,” Evangelina alimwambia Mwalimu Revokatus kabla hata hajakaa sawasawa kwenye kiti. Kisha akakumbuka kwamba yuko ofisini mwa parokia, si mahali pa kutia chumvi sana. “Walionishinda walishakufa wote.”

Revokatus akacheka, akawasha kompyuta. Alikuwa kiongozi wa kwaya, mtoto aliyezaliwa kambini Tanzania na kurudi Burundi na wazazi wake, na mwaka huu alikuwa anakusanya nyimbo za watu waliorudi kutoka ukimbizini ili zichapwe kitabuni. Kila wimbo na ukurasa wake, na juu ya ukurasa jina la mtunzi.

Ni hilo jina lililomtoa Evangelina nyumbani na goti lake bovu. Hakujaliwa kupata mtoto. Karatasi yenye jina lake ilikuwa moja tu duniani, ile ya ukimbizi, na hiyo nayo waliandika Evangelista, wakampa na jinsia ya kiume. Miaka yote ya kambini alipanga foleni ya unga akiwa mwanamume. Sasa alitaka, kabla hajafukiwa, jina lake likae mahali likiwa limeandikwa vizuri.

“Amahoro, amani basi, Bibi, tuanze. Imba, na upige meza kama ulivyokuwa unapiga kinu.”

Ulikuwa wimbo wa kutwanga chikichi. Zikishachemka unazimimina kinuni, unazipiga mpaka nyama inaachana na kokwa na mawese yanaanza kujionyesha, na kazi hiyo bila wimbo inavunja kiuno. Evangelina akaimba. Sauti ilikuwa imechakaa lakini haikuwa imepotea njia. Mkono wake wa kulia ukawa unagonga meza, na Revokatus akawa anasikiliza, anabonyeza, anafuta, anabonyeza tena.

“Subiri. Hapa umechelewa.”

“Mimi sikuchelewa. Mashine yako ndiyo imewahi.”

Akamgeuzia kioo cha kompyuta ili aone. “Angalia. Hii mashine inagawa wimbo vyumba, ndiyo tunaita mesure. Kila chumba mapigo manne, halafu ukuta. Sasa hili neno lako, ‘njoo’, unalianza mwisho wa chumba hiki, unakwenda kulimalizia katikati ya chumba cha pili. Unapita ukutani.”

“Ulitaka nipige hodi?”

“Nalikata vipande viwili, kimoja huku, kimoja kule, halafu navifunga kwa upinde huu. Mwimbaji akiuona anajua ni sauti moja, asiikate.”

Evangelina akautazama upinde. “Kama nyusi ya mama mkwe,” akasema, akaridhika.

Lakini mapigo manne hayakutosha. Mashine ikageuza noti nyekundu kusema chumba kimejaa. Revokatus akajaribu mapigo matatu, wimbo ukalegea kama suruali ya kurithi. Mwishowe akarudi kwenye manne, akavunja kila pigo vipande vitatu, vikawa kumi na viwili kwa chumba, na hapo sauti zikakaa, pinde zikajipanga juu ya kuta. Akapiga kofi moja la furaha. Halafu akasogeza uso kwenye kioo.

“Bibi, kuna matundu.”

“Wapi?”

“Kila baada ya ukuta. Sauti yako inavuka, lakini mkono wako hapa haupigi. Kila mara mahali pale pale, kipimo kile kile. Mashine imejaza alama za kimya. Kumi na sita.”

“Hapo nilikuwa napumua.”

“Unapumua na huku umeshika neno?”

“Nina mapafu mawili. Moja linaimba, lingine linapumua.”

Safari hii Revokatus hakucheka. “Mama yangu alikuwa anatwanga. Mutu akitwanga peke yake hapigi hivi. Hapa kuna mchi wa pili. Mlikuwa wawili kwenye kinu kimoja, si ndiyo?”

“Iko wimbo wangu,” Evangelina akasema. “Nilikuwa peke yangu.”

Walikuwa wawili, kule kambini. Domitille alikuwa mnene, mvivu wa kuinua mchi, na jino lake la mbele lilikuwa limemeguka, hivyo kila alipotamka s ilitoka na mluzi. Alikuwa anachelewa makusudi. Evangelina akiita ‘njoo’, mchi wa Domitille bado uko hewani, naye inambidi alivute lile neno, alivute tu, mpaka yule mjinga aamue kushuka. Wimbo ulitokea hapo, mmoja akichelewa na mwingine akimngoja, na maneno karibu yote aliyatoa Domitille. Siku moja akaja padri mgeni, akauliza nani ametunga wimbo mzuri namna hii, na mdomo wa Evangelina ukamtangulia: “Ni mimi, Padri.” Domitille alicheka pamoja na wengine. Kesho yake alikuja kutwanga na kinu chake mwenyewe.

Hakutukana. Hakuuliza. Alikaa hatua kumi kutoka kwa mwenzake, akatwanga chikichi zake bila kuimba, na ikawa hivyo miaka sita, mpaka malori ya kurudi yalipowatenganisha, mmoja Rumonge mjini, mwingine Kizuka. Kizuka si mbali. Evangelina alifika huko mara moja tu, mwaka jana, kwenye mazishi ya Domitille. Njiani alikuwa ameandaa maneno ya kuomba msamaha. Alipofika akapewa sahani ya wali na maharage, akala, akala na ya pili, akarudi nyumbani na maneno yake yote.

“Kama yuko mwingine, niambie,” Revokatus akasema. “Bila mchi wa pili watoto wa kwaya wataimba kama wenye kwikwi. Na baada yako hakuna wa kutusahihisha.”

Hilo lilimchoma kwa kuwa lilikuwa kweli. Mapigo ya Domitille hayakubaki popote ila kichwani mwake. Akiyatoa, ataulizwa yalikuwa ya nani, na juu ya ukurasa patatakiwa jina jingine, na hilo jingine ndilo lililostahili kutangulia.

“Haya, tuseme alikuwepo mtu,” akasema. “Alivyopiga sikumbuki. Hata pigo moja. Iko zamani sana, mjukuu wangu. Kichwa chenyewe kimebaki cha kufungia kitambaa.”

Revokatus akashusha pumzi. Akaandika juu ya ukurasa, herufi moja moja: *Mtunzi: Evangelina Ndayisaba*. Hakuna Evangelista. Evangelina akalitazama jina lake, akangoja furaha. Ikaja ndogo, ikakaa pembeni kama mgeni ambaye hakuna aliyemkaribisha.

“Sasa tusikilize mara ya mwisho, halafu natuma Bujumbura kwa wachapaji.”

Mashine ikaanza. Ilikuwa na sauti ya mbao, safi mno, haina hata kikohozi. ‘Njoo’ ya kwanza ikavuka ukuta, ikaangukia kwenye kimya. Ya pili vilevile. Evangelina alikuwa anatazama dirishani, kule wanawake wanakogeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, juani, na alikuwa anawaza kwamba siku ile angeweza hata kuyasema maneno yale pale kaburini, kwa sauti ndogo, nani angemsikia? Ya tatu ikavuka, na kitu kikagonga.

Revokatus akaangalia kioo. Mahali pale hakuwa ameandika kitu. Ya nne ikavuka, kikagonga tena, kwa kuchelewa kidogo, kwa uvivu, kama mtu anayetaka abembelezwe kwanza. Mkono wa kushoto wa Evangelina ulikuwa juu ya meza, kiganja kinapanda, kinashuka, kutoka tundu hadi tundu, bila kukosa hata moja. Macho yake yalikuwa bado nje, yamejaa maji.

Wimbo ukaisha. Mkono ukapiga mara moja zaidi, peke yake, na ndipo mwenyewe alipousikia.

Akauvuta haraka chini ya kitenge.

“Nilikuwa nafukuza nzi,” akasema.

Revokatus akaitazama meza yote, huku na huku. Kisha akarudi juu ya ukurasa, akafungua nafasi mbele ya jina la Evangelina, pale pa kutangulia, akaweka vidole tayari.

“Huyo nzi, Bibi,” akauliza, “alikuwa anaitwa nani?”