Rukuu ya Mzee Hanifu

Msikitini kwao, Dodoma mjini, Mzee Hanifu alisifika kwa rukuu. Katika sala za sunna, kila mtu anapojisalia, wenzake walimaliza naye bado ameinama, mikono magotini, nao wakasema huo ndio unyenyekevu. Laiti wangalijua! Akiinama, maumivu yalimwachia. Akisimama wima, mguu wa kushoto ulimwaka kutoka kiunoni hadi kidoleni.

Miaka ishirini alibeba magunia kwenye kinu cha umma kule Kizota. Kinu kilipouzwa kwa tajiri mmoja, wazee walipunguzwa, akabaki na mgongo wake na sifa hiyo. Mtu haachii kirahisi kitu cha mwisho alichobakiwa nacho.

Hospitalini, Daktari Respicius alimwamkia, kisha akamweleza bila kuficha. "Mzee wangu, pingili za kiuno zimelika, zimeota vinundu. Vinabana mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni. Ukisimama, njia yake inazidi kuwa nyembamba. Ukiinama, inapanuka kidogo. Sali umekaa. Na ganzi ikishika miguu yote miwili, njoo siku hiyohiyo, usije ukapooza."

Njiani kurudi nyumbani alimwapisha mkewe, Mwanahawa, aliyemsindikiza, asimwambie mtu.

"Baba Sabiha," Mwanahawa akasema, "Mungu mwenyewe amekuruhusu kukaa. Wewe unamkatalia nani?"



Mwezi huo imamu akaenda Hija. Mzee Mbwana, mkuu wa msikiti, akabisha hodi. "Ijumaa utusalishe wewe. Rukuu yako tu ni darsa." Hapo ndipo pa kusema, lakini Hanifu akaitikia, akajitia kitanzi kwa mkono wake mwenyewe.

Hotuba ya Ijumaa husomwa kwa kusimama. Alipofika katikati, ganzi ilikwisha kushika miguu yote miwili, naye akaendelea kusoma ameng'ang'ania mimbari. Wa safu ya mbele walimwona akitetemeka, wakalia kwa hofu ya Mungu.

Sala ikaanza. Akaingia kwenye rukuu, akapata ahueni kidogo. Alipotaka kuinuka, miguu haikumtii. Akajaribu tena. Nyuma yake watu mia mbili wameinama, wanamngoja yeye. Aliogopa kuanguka, na zaidi aliogopa kujulikana.

"Subhanallah," akasema Mzee Mbwana, kama anavyokumbushwa imamu aliyesahau.

Hanifu akabaki ameinama.

"Subhanallah!" wakasema wengi.

Ndipo nyuma ya pazia la wanawake likasikika kofi la kiganja juu ya mkono, maana mwanamke hamkumbushi imamu kwa sauti. Mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu, kwa nguvu. Hanifu alijua ni mkono wa nani.

Kusema ndani ya sala ni kuivunja. Akafumba macho.

"Jamaa zangu," alisema, bado ameinama, "mimi sikuwashinda kwa ucha Mungu. Naumwa mgongo. Nishikeni, miguu siisikii tena."