Simu ya Nesi Muzamiru

Yvette alitolewa vyuma kwenye kifundo cha mguu katika hospitali moja ya Mbarara, akarudi kambi ya wakimbizi ya Nakivale jioni ileile. Nesi aliyemfunga bendeji, kijana aitwaye Muzamiru, alichukua namba yake ya simu, akasema atakuwa anampigia kujua kidonda kinaendeleaje.

Mumewe, Bienfait, muuza vitenge wa mtaa wa Misiera humo kambini, hakuona neno. Lakini simu zilipoanza kuingia, moyo wake ulianza kuwaka. Yvette alikuwa akizungumza kwa sauti laini, isiyo na haraka, ambayo Bienfait hakuwa ameisikia tangu walipokimbia kwao Uvira, Kongo. Alimweleza yule kijana jinsi mguu unavyompwita, jinsi anavyokosa usingizi, hata jinsi alivyolia akioga. Mumewe akiuliza, jibu lilikuwa lilelile: "Niko muzima."

Bienfait akaanza kuondoka na simu ya mkewe, akisingizia kuichaji dukani. Muzamiru alipopiga, alimjibu kwa ukali kwamba mgonjwa amepona, asisumbue tena. Kila aliporudi nyumbani na kumkuta mkewe kimya, alijiambia kwamba mwanamke anamuwaza yule nesi.

Kumbe mguu ulikuwa umevimba. Asubuhi moja Bienfait alimwona mkewe akienda jikoni kwa kushikilia ukuta, bendeji imelowa usaha. Hapo wivu ukaipisha hofu. Alipiga ile namba mwenyewe.

Muzamiru hakumlaumu. Aliuliza kama mgonjwa ana homa, kama vidole vya mguu ni vya baridi, na maumivu yako wapi hasa. Bienfait hakuwa na jibu hata moja. Ikabidi apige magoti, avishike vidole vya mkewe kimoja kimoja, na kumuuliza.

Nesi aliagiza wafike hospitali siku hiyohiyo. Wakiwa wanangoja gari, Bienfait alishindwa kujizuia.

"Mama Gad, juu ya nini yeye unamuambia, mimi hapana?"

Yvette akamjibu, "Yeye anauliza, kisha ananyamaza, anasikia. Weye ukiuliza, uko tayari unaenda."



Mbarara kidonda kilisafishwa, akapewa dawa, na polepole mguu ukapona. Simu za Muzamiru ziliendelea. Zilimchoma Bienfait bado, asidanganye mtu. Ila simu ikilia naye yupo, alikuwa akikaa kando ya mkewe, akisikiliza mpaka amalize kueleza yote.