Swali la Watu Wanne

Katika hesabu za maneno, mwalimu alikuwa na kanuni moja tu: hadithi iwe ya kweli. Wala hakuitoa chuoni. Alifundishwa na mtoto. Siku ya kwanza alimwambia, "Una machungwa matano, ukila mawili..." na yule binti wa miaka tisa, mwenye usonji, akamkatiza: "Sina machungwa." Yakaishia hapo. Hata ungembembeleza mpaka jioni, asingehesabu machungwa ya uongo.

Basi mwalimu akawa anatunga maswali ya nyumbani kwao binti: ndoo zao, viatu vyao, sahani zao. Binti alichora visanduku, kitu kikiondoka akafuta kimoja. Kisha alihakiki: alikirudisha kilichoondoka aone kama hesabu inatimia. Alihakiki mpaka ikawa kero, wenzake wakambatiza Bi Hakika.

Wiki tatu zilizopita mama yake alifariki. Nyumbani wakamwambia mama amepumzika, mama ametangulia, maneno ya watu wazima hayo. Naye kila jioni akawa anasimama getini kumngoja, mvua inyeshe isinyeshe. Leo baba yake alikuja darasani, macho mekundu.

"Mwalimu, huyu anakuelewa wewe tu. Mwambie kwa njia yenu ile."

Mwalimu alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini angekataaje? Wenzake Bi Hakika walipotoka kucheza, aliandika ubaoni: Nyumbani mlikuwa watu wanne. Mama amekufa. Mmebaki wangapi?

Bi Hakika alisoma polepole. Akachora visanduku vinne kwenye daftari, akavijaza: baba, mama, mimi, mdogo wangu. Akafuta cha mama.

"Watatu."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kupata hesabu ya kutoa bila kuelekezwa, na mwalimu, Mungu amsamehe, kwa mazoea tu akasema, "Vizuri sana."

Binti akafungua ukurasa mpya. Tatu, jumlisha moja. Nne. Akakichora upya kisanduku cha mama, kisha akatazama mlangoni. Pale alikuwa amesimama baba yake peke yake.

"Hapana, mwanangu," mwalimu alisema. "Hii hatuihakiki. Mtu akifa harudi."

"Kama hatuhakiki, hatujui kama ni sahihi."

Maneno hayo hayo mwalimu alikuwa amemwimbia mwaka mzima. Akachukua kifutio, akakifuta kile kisanduku mwenyewe. Binti akakichora tena. Mwalimu akakifuta. Binti akakichora kwa nguvu, karatasi ikatoboka.

"Unanifutia mama," alisema binti, akaanza kujipiga paji la uso kwa kiganja.

Baba akaingia, akachukua kifutio mkononi mwa mwalimu. "Basi, Mwalimu. Mwachie."

Akaketi kwenye kibenchi cha watoto, magoti karibu yaguse kidevu, akalia kwa sauti jinsi ambavyo hakuwahi kulia tangu msibani. Binti hakugeuka. Alishaokota penseli, na alimwambia tu anyamaze, hajamaliza kuhakiki.